Kigoda Ambacho Mzee Leonard Hakukiweka Chini

Bunia, mtaa wa Saio
Jumatatu

Kakule, mdogo wangu,

Jumamosi iliyopita, kabla ya adhuhuri, Mama Zawadi wa Tchomia alipoteza nafasi ya kuambiwa mume wake amelala wapi. Ilipotea uani kwangu, mbele ya macho yangu, chini ya hema la watu uliowaleta wewe. Nimeanza na hilo ili usisome salamu ukadhani hasira imepoa.

Salamu sasa, maana mama alitulea vizuri. Hamjambo wote huko Butembo? Mguu wa mama umeacha kuvimba? Mwambie aache kwenda shambani asubuhi na baridi ile. Mkeo na mtoto mchanga wanalala vizuri? Siye huku tuko. Mvua inanyesha, barabara ya Komanda leo inapitika, kesho haipitiki, na mabati yananunuliwa mawili mawili. Wewe unayeandika kwenye ripoti zako kwamba amani imerudi Ituri, njoo siku moja usimame nyuma ya meza ya duka langu. Mtu anayeiamini amani hununua paa zima. Wateja wangu wananunua bati mbili na misumari ya kushika hizo mbili tu, wanasema, "Tutaona kwanza." Hesabu yangu ya amani ni hiyo, wala haihitaji ripoti.

Sikupigii simu. Juzi nilipopiga ulicheka, ukasema, "Yaya, labda walisikia mtaani, watu wa Bunia wanaongea sana." Unaniita yaya, dada mkubwa, lakini kwenye simu wewe ni samaki mbichi, mtu akikushika unateleza. Kwa karatasi utakaa.

Acha nikukumbushe unachokijua, maana Jumamosi moja kabla ya hii ulikaa pale uani ukiangalia, na inaonekana uliona picha za kupiga tu. Ule mkutano wa Jumamosi haukuanzishwa na projé, mradi wa shirika la mtu. Ulianzishwa na mvua. Wateja walikuwa wanajibanza barazani pa duka, wa upande huu wa vita na wa upande ule, watu ambao sokoni wanapishana bila kuangaliana. Wakiwa wamebanana hivyo wakaanza kuulizana. Shamba letu la bondeni, sasa nani analima? Yule ng'ombe wa pembe moja aliishia kwa nani? Mvua ikikatika, na maneno yanakatika, kila mtu anashika njia yake. Mimi ni mfanyabiashara, sipendi kitu kikatwe katikati. Nikawaambia: rudini Jumamosi, hata kama hakuna mvua. Sina viti, kila mtu aje na kigoda chake.

Kukosa viti ndiko kulikotusaidia. Mwenye neno anaweka kigoda chake popote uani, anasema neno lake kwa sauti, anakaa. Wanaolitaka wanabeba vya kwao na kumzunguka. Wenye jingine wanaweka kwingine. Neno likikuchosha, au likikuchoma, unabeba kigoda unahama, na hakuna wa kukuuliza unakwenda wapi. Dezire, yule kijana wa pikipiki anayenibebea mizigo, siku ya kwanza aliangalia huku na huku akauliza:

"Mama Masika, programu iko wapi?"

"Umeikalia," nikamjibu.

Walicheka mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena.

Na kazi yangu mimi? Kufungua geti na kufunga mdomo. Unanijua, toka asubuhi naamrisha watu dukani. Kunyamaza kule kulinitoa jasho kuliko kupakua saruji. Kuna Jumamosi ukimya ulikuwa mrefu hata nikaingia dukani kupanga misumari upya ili nisifungue mdomo, kwa sababu nikisema mimi kwanza, nimeshawachagulia la kusema. Nikasikia nyuma yangu kigoda kinagonga ardhi. Mtu ameweka. Kile kishindo kidogo, Kakule, ndicho nilichokuwa nafanyia kazi. Na hakiji kwa kuitwa.

Mzee Leonard alikuja kila mara na hakuweka. Alishuka milimani wakati wa vita, sasa amepanga chumba pale karibu na kisima. Alikuwa anakaa kwenye ngazi ya duka, kigoda chake mapajani. Wengine walimtania, "Muzee, huyo mutoto yako hajajua kutembea?" Anacheka, anakikumbatia, mkutano ukiisha anarudi nacho. Na upande wa pili wa ua, Mama Zawadi na beseni lake la makayabo, samaki wa chumvi. Mume wake alikuwa mvuvi. Vita vikiwa vikali aliacha mtumbwi, akapanda milimani kutafuta mihogo ya watoto, hakushuka tena. Mpaka leo huyo mama hajamaliza matanga. Hajui aombolezee upande gani.

Siku moja Mzee Leonard alikuja kununua misumari. Nikiwa napima, akasema polepole, bila kuniangalia, "Mama, ninajua pahali bwana ya ule mama analala. Siye ndio tulimuzika. Jumamosi inayokuja nitaweka kiti yangu." Sikumuuliza ni wapi. Sikumuuliza nani alimuua. Halikuwa neno langu. Nilimfungia misumari yake, nikaongeza kidogo.

Na hapa ndipo unapoingia wewe. Jumapili ile ulikuwa mezani kwangu, umetoka Butembo kwa kazi zako, unakula fufu yangu. Mlango umefungwa. Mume wangu alikuwa Komanda kupakia mbao, hata yeye sikumwambia. Nilikuwa nimefurahi, furaha ikanizidi, nikakuambia wewe, mtoto wa mama yangu: Mzee Leonard ataweka kigoda. Ukaacha kutafuna. Ukasema, "Yaya, hiyo ni kubwa sana." Nilidhani ni moyo wako uliosema.

Ijumaa ukanipigia: "Kesho utaona zawadi yangu. Watu wa shirika langu wanakuletea hema." Hema nilikubali, jua lilikuwa kali na wazee wanaumia. Hilo nalibeba mwenyewe, mengine hapana.

Asubuhi nafungua mlango wa nyuma, nakuta viti vya plastiki vya bluu, safu kwa safu, vimefungwa kamba mguu kwa mguu ili visisogee. Viti mia kwa watu arobaini! Hata mtoto wa darasa la tatu angeuliza hao wengine sitini ni nani. Vyote vinaangalia upande mmoja kama kwenye misa, na mbele kuna meza ya kitambaa, maua ya plastiki na maikrofoni. Kijana mwenye beji shingoni anapokea watu getini, anawanyang'anya vigoda, anavitupa nyuma ya choo. Vigoda vya watu, Kakule, nyuma ya choo.

Nikamwambia afungue kamba. Akaniambia, "Mama, wafadhili watataka picha yenye mpangilio." Akanipa karatasi. Nimeibandika hapa chini ya barua, uisome kama hukuisoma, ingawa nadhani uliisoma kabla yangu. Saa tatu, neno la ufunguzi. Saa nne, mada. Saa tano na nusu, ushuhuda wa Mzee Leonard kwa mjane wa mvuvi, dakika kumi na tano. Halafu soda na biskuti.

Dakika kumi na tano! Neno ambalo mzee alilibeba kwenye goti miezi yote hii, mmempimia dakika kumi na tano, na biskuti juu.

Nilikimbilia getini nimzuie asiingie. Nilichelewa. Yule kijana alikuwa ameshamshika mkono, anatabasamu.

"Ah! Weye ndiye muzee ya saa tano na nusu! Leta hiyo kigoda, viti iko mingi."

"Saa tano na nusu ya nini?"

"Ya ushuhuda. Jina yako iko hapa. Utakaa mbele, karibu na mama mujane."

"Nani alikupa jina yangu?"

"Usiogope, muzee. Iko tu dakika kumi na tano."

Mzee Leonard aliniangalia. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwake, na ile karatasi mkononi kama mtu aliyeiandika. Akasema, "Mama Masika, mimi nilikuja kwako kununua misumari." Basi. Akageuka na kigoda chake, akaenda.

Wakati huohuo msemaji wao alikuwa anasoma programu kwenye maikrofoni. Alipofika kwenye saa tano na nusu, Mama Zawadi, waliyemkalisha safu ya mbele, akasimama.

"Mujane wa muvuvi ni miye. Huyo muzee anajua nini?"

"Mama, tutafika hapo. Tufuate programu."

"Ninauliza anajua nini!"

"Mama, tafadhali, kaa. Tufuate programu."

Akabaki amesimama. Watu wakaanza kunyanyuka, lakini ukitaka kuvuta kiti chako unavuta safu nzima, wazee wawili walianguka. Dezire ndiye aliyekwenda nyuma ya choo kuwatolea watu vigoda vyao, kimoja kimoja. Waliobaki kwa ajili ya biskuti walipigwa picha. Nasikia ni nzuri.

Jana baada ya ibada nilikwenda kwa Mzee Leonard. Hakufungua. Binti yake alisema nami kwenye upenyo wa mlango, kwa aibu, maana mtoto yule ana heshima. "Baba anasema, ulitaka watu wakuje bila ordi di juru, bila programu. Kumbe ulikuwa nayo tangu mwanzo." Nikamwambia si mimi. Akaingia ndani, akarudi. "Baba anasema, basi lete jina ya mwenye alitoa neno yake. Akijua ni nani, ataona kama ataongea tena."

Mimi, Kakule! Nilifika mji huu na debe moja la mafuta ya mawese kichwani, sina ndugu, sina meza. Nimejenga duka kwa sababu nikisema kilo ni kilo. Leo naambiwa kupitia upenyo wa mlango kwamba nilikuwa nimeficha mizani nyingine chini.

Na leo asubuhi, sijafungua duka, Mama Zawadi alikuwa ameshakaa kwenye ngazi ile ile ya Mzee. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliuliza tu, "Iko wapi?" Nikamwambia sijui. "Lakini kuko mwenye anajua." Nikamwambia ndiyo. Akabeba beseni lake akaenda sokoni. Kesho atakuja tena. Nitamwambia nini?

Usiniandikie habari za nia njema. Usiniandikie kwamba shirika litakuja kuomba radhi na hema jingine. Waambie wasikanyage Saio, na viti vyao wavichukue, vimerundikana kwenye saruji yangu. Neno lilitoka kinywani mwa mzee likaingia sikioni mwangu, likatoka kwangu likaingia kwako. Baada ya hapo likawa kwenye karatasi. Mimi nimeshajibu sehemu yangu, imebaki yako.

Nisalimie mama, umwambie nimegombana nawe lakini usimwambie kwa nini, atapandisha presha. Nisalimie shangazi mwenye duka la vitenge, deni la barua yangu kwake nalikumbuka. Mkeo mwambie kitenge cha mtoto kiko kwa dereva huyu huyu aliyekuletea barua. Fundi wetu wa zamani, aliyenifundisha kupima bati, mshike mkono kwa niaba yangu.

Dereva anarudi Bunia Ijumaa asubuhi. Jumamosi sitafungua geti. Nitabeba kigoda changu mpaka mlangoni pa Mzee Leonard, nitakiweka chini, nitasema kwa sauti jina la aliyelitoa neno lake, na nitampa karatasi yenye mwandiko wa mtu huyo. Kama ni wewe, utakuwa umemrudishia Mama Zawadi njia. Kama unakataa, ukatae kwa mkono wako, sitaki "labda".

Uliwaambia, au hukuwaambia? Ndiyo au hapana, mikononi mwa dereva, Ijumaa, kabla hajawasha gari.

Dada yako mkubwa, anayesubiri,
Masika