Binti Yangu Anaishi Musonoi

Mpendwa Ngalula, binti yangu,

Jumapili, tulipotoka kanisani, mama mmoja wa kwaya aliniuliza uko wapi. Nikamwambia uko Tenke kwa shangazi yako, unasoma. Huna shangazi Tenke. Nilirudi nyumbani nikiangalia chini.

Niliona haya kusema kweli: kwamba unaishi Musonoi kwa Mama Béa na Tata Kalonji, watu waliofundishwa kupokea nyumbani mwao watoto waliowashinda wazazi wao. Na aliyeshindwa ni mimi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukimngoja baba yako barabarani atoke kazini mgodini? Mliingia wewe umevaa kofia yake ngumu, imekufunika mpaka puani, nami nilicheka mpaka bukari niliyokuwa nasonga ikaungua. Alipokufa, hukulia. Ulianza kupiga wenzako shuleni, kisha ukachoma meza ya jirani sokoni. Nilikupiga, na kadiri nilivyokupiga ndivyo ulivyozidi kuwa mkali. Jaji wa watoto alipoamua uende Musonoi, ulipanda gari bila kugeuka kuniangalia.

Mwezi uliopita nilikuja kukuona. Tulikuwa tunakula vizuri, mpaka niliposema, "Baba yako angeona haya kukukuta hapa." Ulirusha sahani ukutani. Nikasimama, mkono juu.

"Mama, ikala," Mama Béa aliniambia, akinionyesha kiti, bila kupandisha sauti. "Tumungoje."

Ulikimbilia uani, tukasikia unapiga mlango wa bati kwa mateke. Tata Kalonji alikufuata, akaketi karibu nawe. Chakula kilipoa. Halafu uliingia na ufagio, ukakusanya vipande.

"Pardon, Mama Béa," ulisema. Ukanigeukia. "Na we, mama, ulitaka kunipiga tena."

Sijawahi kuona haya namna ile, hata siku polisi walipokuja kwetu na majirani wote wakitazama.

Mama Béa alinisindikiza nje. Nikamwuliza, "Unafanyaka je, mama?"

"Na mi nilifundishwa. Kuya siku ya posho, tufundishane."

Basi kila Jumamosi, wewe ukiwa kwenye mazoezi ya mpira, ninakuja. Anajifanya wewe: anapiga kelele, ananitukana, nami natakiwa kujibu polepole, mikono magotini. Mara nyingi nashindwa. Mwanamke mzima, nimezaa, najifunza jinsi ya kusema na mtoto wangu mwenyewe! Nikiondoka, napita njia ya nyuma nisikutane na mtu anayenijua.

Jana asistanti sosiali, yule mama anayefuatilia kesi yako, alinieleza alivyokuuliza kama unataka kurudi nyumbani. Ukamjibu, "Bado. Mama ajifunze kwanza."

Nililia njia nzima juu ya pikipiki. Kijana aliyenibeba akapunguza mwendo. "Mama, kuko mutu amekufa?"

"Hapana," nikamwambia. "Mutoto wangu anataka kurudia ku nyumba."

Basi kula vizuri, uwasikilize wanaokulea, na kwa kuwa sasa umejua nakuja huko, usikasirike. Nitakuja tena Jumamosi, na nyingine, mpaka wewe useme inatosha.

Ni mimi, mama yako, mwanafunzi wa Mama Béa.