Kwa Nini Tunagonga Chupa

Mujukuu wangu Safi,

Huku Lubumbashi tuko bote bazima. Ni mugongo tu ya bibi yangu, nkambo yako Sakina, inamusumbua kidogo. Umeniuliza kwa nini kwenye ndoa ya shangazi yako sisi bazee tuligonga chupa pamoja, katikati ya diski yetu ya zamani.

Ilikuwa wakati inchi ilitawaliwa na chama kimoja tu. Orkestra yetu ya mutaa wa Kamalondo ilikuwa imevunjika, halafu tukarudiana tutoe diski moja. Tukiwa tunarekodi, gitare ya rafiki yangu ilipopanda, furaha ikanishika, nikamuita kama zamani: "Josefu!" Lakini chama kilikuwa kimekataza majina ya ubatizo, kila muntu aitwe jina ya bankambo tu. Hatukupewa nafasi ya kurekodi tena, diski ikatoka hivyo.

Siku ya kwanza ilipopigwa kwenye baa, muntu wa chama akaingia, akakaa meza ya pembeni yetu. Josefu akaniambia kwa sauti ya chini, "Usiniangalie."

Jina lilipokaribia, mama mwenye baa, aliyejua kosa langu, akagonga chupa kwa nguvu. Baa nzima ikamufuata. Yule muntu akacheka, naye akagonga.

Josefu alishakufa, na jina lake halikatazwi tena. Lakini mikono yetu ingali inaogopa.

Nikipiga ile diski peke yangu, sigongi. Ninangojea mupaka nisikie sauti yangu ikimuita.

Nkambo yako