Ripoti ya Nakala Ilienda kwa Shefu Aliyehama

Kitshanga, Jumatano

Hasira haijanitoka. Kila siku mashine yetu ya kambini, kompyuta ya kuandikishia watu, ilikuwa inatuma Goma nakala ya majina ya watoto waliopotezana na wazazi, kisha ripoti inajituma yenyewe kusema kama nakala imefika.

Mashine iliibwa juzi, risasi zilipolia. Leo nimepiga simu Goma waturudishie majina. Ya wiki nzima hayapo! Nakala ilikwama, na ripoti ilisema hivyo kila asubuhi, ila ilienda kwa shefu, mkuu wetu wa kazi aliyehama zamani. Mara mbili niliomba ofisi yetu ya hapa waielekeze kwangu. "Dada, iyo iko kazi ya batu ya Goma," walinijibu.

Mama mmoja wa Kalembe, aliyeandikisha binti yake wiki iliyopita, alikuwa amesimama mbele yangu.

"Mutoto wangu iko ku liste?"

Nikamwambia ukweli, kwamba liste, ile orodha ya majina, imepotea. Hakulia. Aliketi tu.

"Basi andika tena. Anaitwa Furaha. Iko na miaka ine."

Nimeandika kwa kalamu. Wazazi wengine hawajui kwamba inabidi warudi kuandikisha upya.