Bibi Anapomchemshia Mkaguzi Chai

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Jumanne, kwa sababu siku hiyo nitatakiwa kusema jambo na sijui niseme lipi.

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Bibi yangu mzaa mama alikwenda nchi ya mbali kabla sijazaliwa, akafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli mpaka akastaafu, na alipostaafu tulidhani atarudi, lakini kadi yake ya matibabu haifanyi kazi nje ya nchi ile, kwa hiyo akabaki kule peke yake, nasi tukabaki na kitanda tulichomnunulia, kiko chumbani kwangu karibu na dirisha, godoro bado limo ndani ya nailoni, na kila nikifagia hulipangusa vumbi kana kwamba anafika kesho.

Sasa magoti yamemchoka. Kule kuna ofisi inayotuma mtu wa kumwogesha na kumpikia mzee asiyejiweza, ila kwanza huja mkaguzi nyumbani kumtazama na kumuuliza maswali. Lugha ya kule Bibi anaijua ya kazini tu, shuka na taulo na sabuni, nami naisoma shuleni na naiweza, kwa hiyo mkaguzi alipokuja mara ya kwanza nilitafsiri kwa simu. Bibi alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, amepaka wanja, ameinuka mwenyewe kumchemshia mgeni chai, na kila alipoulizwa kama anaweza kuoga au kupanda ngazi akajibu kwamba hana neno, anashukuru, nami nikatafsiri vilevile bila kuongeza wala kupunguza. Ofisi ikasema anajiweza. Nilipomuuliza kwa nini hakusema ukweli, alicheka.

“Mke mwenzangu,” akaniambia, “mgeni hukaribishwa sebuleni. Hapelekwi kuonyeshwa masufuria machafu.”

Wiki iliyopita alianguka bafuni. Jirani alisikia ndoo ikibingirika, akaja kumwinua, kisha akaiarifu ofisi. Bibi ameniomba nisimwambie Mama, nami nimenyamaza. Mkaguzi anarudi Jumanne na najua chai itachemshwa tena, na nikitafsiri anayoyasema Bibi nitakuwa sijasema uongo, na nikiongeza ya bafuni nitakuwa nimemvua nguo mbele ya mgeni. Lakini mshauri, kuna jambo nililoona aibu kuliandika mwanzoni. Wakimkatalia tena, atalazimika kurudi nyumbani, na mimi namtaka. Nataka anisuke yeye. Nataka anitanie nikiwa nimekaa karibu naye, maana kwenye simu kila akicheka sauti hukatika. Je, ni vibaya kunyamaza na kutumaini?

Mke Mwenza

*

Mke Mwenza,

Marahaba, mwanangu. Kumtamani bibi yako si vibaya hata kidogo. Kibaya ni kumngojea aanguke tena ili apandishwe ndege, na hilo ndilo unalolitumaini, hata ukilivika gauni la kutokea. Akifika, nani atakuwa nyumbani mchana? Wewe uko darasani, na mama yako sidhani kama anashinda amekaa. Pensheni huenda ikamfuata, matunzo hayatamfuata. Atalala kwenye kitanda hicho kizuri akitazama dirisha mpaka urudi kutoka shule.

Bibi naye ana kosa, na umwambie nimesema mimi. Amelelewa vizuri mno. Sisi ndivyo tulivyo, mtu ana homa ukimwamkia anajibu hajambo. Lakini mkaguzi si mgeni, yuko kazini, kama Bibi alivyokuwa kazini miaka yote ile. Muulize hivi: wageni wa hoteli wangeona haya, wakamletea mashuka masafi tu, angefua nini?

Leo hii mwambie mama yako kuhusu bafuni. Siri hiyo ni nzito kuliko mkoba wako wa shule, na hukupaswa kubebeshwa. Kesho mama apige simu ofisini aombe mkalimani wao, na jirani aombwe awepo aseme alichokiona. Wewe kaa kwenye simu uwe mjukuu tu, hiyo ni kazi ya kutosha. Na Bibi asichemshe chai. Akiulizwa kama anaoga mwenyewe, asijibu, ainuke aelekee bafuni mkaguzi akimtazama.

Halafu kuna hili. Mimi umeniambia kwamba unamtaka. Yeye umemwambia? Katika barua yako nzima sijaona mtu aliyemuuliza anataka kuzeekea wapi. Mpigie umuulize, na akijibu kwamba hana neno, muulize tena, mpaka adabu imwishie.

Apate kwanza mtu wa kumshika mkono. Mzee aliyevunjika nyonga hasafiri, lakini mwenye magoti yaliyopumzika anaweza kuja kuwatembelea. Na lile godoro livue nailoni, ulale wewe kwa sasa. Siku atakayokuja, hata kama ni kwa wiki mbili tu, asilikute gumu.