Chafya ya Mdomo Wazi

Ukunda, Jumamosi, Novemba 1998

Asubuhi manyunyu, mchana jua kali, na sasa hivi magharibi imeshaswaliwa na kuna kiupepo kizuri ukumbini. Nimeshiba wali nilioupondaponda kwa kijiko. Nina raha, na naandika upesi kabla haijapoa.

Nianze na hofu kwanza, maana ndiyo niliyoamka nayo.

Wiki iliyopita daktari wa Mombasa alinipandikiza mfupa kwenye taya la juu, upande wa kushoto, pale yalipong'olewa meno yangu ya nyuma baada ya kumzaa kitindamimba. Kaka yangu aliyeko Maskati ndiye aliyeshikilia nitibiwe. Daktari alinieleza kwamba juu ya magego ya juu kuna pango la hewa lililoungana na pua. Mtu akikaa miaka bila meno, mfupa ulio chini ya pango hilo hupungua pole pole, na wangu ulikuwa umebaki mwembamba kama ganda la yai. Skrubu ya kushikilia jino haikazwi kwenye ganda la yai. Kwa hivyo aliinua utando wa pango, akapanga vipande vya mfupa chini yake, na sasa tunasubiri miezi mpaka vishikane, ndipo meno yaje.

Swali langu la kwanza kwake halikuwa la maumivu. Nilimuuliza mfupa huo ni wa mnyama gani. Nilikuwa nimesikia kwamba kwingine hutumia mifupa ya wanyama, na mimi nguruwe simtaki hata kwa bahati mbaya. Daktari akacheka, akanigusa kidevu. "Ni wako mwenyewe, mama. Nitautoa hapa."

Tangu siku hiyo Bakari, mume wangu, mpishi wa hoteli kule Galu na mtu asiyejua kunyamaza, huwaambia majirani kwamba kidevu changu kimehamia ghorofani.

Masharti ndiyo yaliyonitisha. Nisipenge kamasi. Nisinywe dafu kwa mrija. Nisipulize moto, jambo ambalo limempeleka Bakari jikoni hata siku yake ya mapumziko. Nikitawadha, nisivute maji puani kwa nguvu. Na kubwa kuliko yote, chafya ikija nisiibane. Nifungue mdomo wazi kabisa, la sivyo hewa itarudi juu na kuusukuma mfupa utoke mahali pake, tuanze upya. Na kidevu kingine sina.

Mdomo wazi. Mimi!

Miaka yote hii nimekuwa nikicheka ndani ya leso. Zamani nilivaa meno ya bandia, yakanidondokea kwenye sinia la pilau harusini, mbele ya wanawake wa watu. Aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa Mejumaa, dada yake Bakari. Hakuwa na ubaya. Mejumaa hucheka hata akijikwaa yeye. Lakini tangu siku ile hakuna aliyeuona mdomo wangu ukiwa wazi. Naona haya hata kwa mume wangu, nisidanganye.

Na leo ilikuwa siku ya hina ya binti yake Mejumaa, kule Msambweni. Bakari aliniambia nibaki nyumbani. Nikamwambia shughuli ya wifi mtu haikosi. Asiyekwenda kwa wenzake, yake ataipika na kuila peke yake. Nikajitanda leso juu ya buibui mpaka puani, nikaenda, nikachagua kukaa karibu na dirisha.

Nilisahau udi.

Shangazi yao Bakari na Mejumaa, bi mkubwa tunayemheshimu sote, alikuwa anapita na chetezo akimfukiza kila mgeni. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akainua ncha ya leso yangu na kupitisha chetezo chini yake, kisha akarudia tena kwa mapenzi.

Pua ikaanza kuwasha. Mkono wangu, kwa mazoea, uliruka ukabana pua na leso pamoja. Papo hapo nikahisi kitu kinasukuma kule juu ya taya. Chumba kimejaa wanawake, na Mejumaa yuko mbele yangu hasa, ameshika sinia la halua. Nikawaza mfupa wangu. Nikawaza macho ya Mejumaa.

Nikauchagua mfupa.

Nikaachia pua, nikaivuta leso chini, nikapanua mdomo mpaka taya likalia. Chafya ilitoka kwa kishindo. Halua ilinusurika, hina haikunusurika, maana bi harusi, aliyepaswa kukaa ameinamisha macho, alishtuka akaangua kicheko, na ua la kiganjani likawa doa. Wote wananitazama, na mimi bado nimeachama, kwa kuwa nyingine ilikuwa njiani.

Ikaja nayo.

"Sema alhamdulillahi, mwanangu," shangazi akanikumbusha. Nikasema. Chumba kizima kikaitikia, "Yarhamukillah!"

Mejumaa akaliweka sinia chini. Hakucheka. "Wifi, hebu fungua tena nione. Ndipo walipokutengeneza hapo?"

Nikafungua. Nikawaeleza habari ya pango, ya ganda la yai, ya kidevu. Mejumaa akanishika kidevu taratibu akauliza kama bado kinauma. Kisha akaniinamia sikioni akasema miaka yote hii alidhani najifunika mbele yake kwa sababu sikumsamehe ile siku ya pilau.

Mimi naficha pengo, kumbe mwenzangu anaona kinyongo.

Nikamwambia, "Si wewe, wifi yangu. Ni haya zangu mwenyewe." Nilitaka kulia, nikakumbuka kwamba kulia huleta kamasi, na kamasi sina ruhusa ya kuipenga. Nilipomwambia hivyo, hapo ndipo Mejumaa alipocheka, na mimi pamoja naye.

"Mficha uchi hazai," shangazi akasema, akafungua kinywa chake chenye ufizi mtupu, akatangaza kwamba kama ni mapengo, basi humu ndani hana mpinzani. Fundi aliyekuwa akimpaka bi harusi hina alifuta lile doa, akaanza ua jipya.

Nimefika nyumbani nimejikagua. Damu puani hakuna, wala hewa haipenyi kutoka mdomoni kwenda puani. Jumatatu nitavuka feri daktari aniangalie, lakini moyo wangu umetulia.

Bakari ameingia sasa hivi na kichekesho chake cha kidevu. Mkono wangu umekwenda kutafuta leso, usiione. Nimeisahau kwa Mejumaa! Ina maana nimeshuka matatu pale Kona ya Musa, nikasimama na muuza mihogo tukaulizana hali za watoto, nikacheka naye, na wala sikuikumbuka.

Nitaifuata siku moja. Haina haraka.