Zadok Ameacha Nani

Pasiansi, 4 Machi 2024

Mama, shikamoo. Sisi wazima. Natumaini goti limepunguza kuuma.

Utafutaji umesitishwa jana, amesema baba mdogo Odoyo aliyekuwa mwaloni na wavuvi. Mtumbwi wa dagaa wa kaka Zadok ulionekana ziwani umepinduka. Yeye hajapatikana, na sasa ni mwezi. Ibada ya kumkumbuka ni Jumapili tarehe 10, hapa Pasiansi. Nimepewa kusoma historia yake. Naituma kwa basi kwa sababu simu yangu hupokei. Mwisho inasema: "Marehemu ameacha mama, dada, mke na mtoto mmoja." Nilipokosea nisahihishe. Na uje.

Mwanao, Anyango

Shirati, 7 Machi 2024

Marahaba, mwanangu. Goti ni lilelile. Mahindi yameota.

Alizaliwa mwaka wa Elinino, siyo mwaka uliouandika. Darasa la nne alirudia. Usifiche, mwenyewe alikuwa anacheka. Ila "marehemu" futa, na huo mstari wa mwisho futa wote. Zadok hajaacha mtu. Anayeacha mke anaondoka na begi. Mwanangu aliondoka na taa na chapati, akasema anarudi asubuhi.

Odoyo naye anazunguka na habari ya yago, kwamba tuzike hilo tunda badala yake, kama wanavyofanya mtu asipopatikana. Nimemwambia akilileta uani kwangu nalitupia ng'ombe.

Siji.

Mama yako

Pasiansi, 11 Machi 2024

Shikamoo mama. Hatujambo, isipokuwa Favour wa kaka ana mafua.

Nimesoma ulivyotaka. Kwenye darasa la nne watu walicheka. Mstari wa mwisho sikuusoma, nikarudi kukaa. Mzee Yakobo wa kanisa akauliza, "Mbona haijaisha? Ameacha nani?"

Wifi Janet akasimama, Favour mgongoni.

"Ameniacha mimi," akasema. "Mimi na huyu. Kama hamkuniandika, niandikeni."

Akakaa. Hakulia.

Mama, majirani bado wanamuuliza mumewe anarudi lini. Hana la kuwajibu, maana sisi wenyewe tumekataa kusema.

Mwanao, Anyango

Shirati, 19 Machi 2024

Marahaba. Favour mpeni maji ya tangawizi.

Nimekaa na barua yako muda. Sikuwa naumwa. Nilikuwa namfikiria mwanangu tu, Janet sikumfikiria.

Odoyo ameleta yago. Liko uani, nimelifunika kwa shati la Zadok. Ng'ombe nimemfunga mbali.

Tunazika Jumamosi tarehe 23, saa tisa mchana. Njoo na Janet na mtoto. Njoo na karatasi ileile, "marehemu" rudisha. Soma mpaka pale ulipoishia kanisani, kisha unipishe. Ameacha nani nitasema mimi, na nitaanza na Janet.

Pandeni basi la kwanza pale Buzuruga, Jumamosi hiyohiyo alfajiri.

Mama yenu