Matofali Yangu Yalikataa Kusinyaa

Shangazi Njambi, habari ya hapo redioni, naomba unishike mkono haraka kwa sababu barua unazisoma Jumatano na lori la matofali yetu linatoka Ruiru Ijumaa. Mimi ni Kaloki wa Witeithie, shule niliachia kidato cha pili lakini hapa karakana huitwa Profesa, sawa, ni mimi hujiita, na kazi yetu ni matofali ya oksidi ya bati, ule unga mweupe, tunauchanganya na unga mweusi kidogo wa shaba, tunagandamiza kwa mashine, tunachoma, halafu yanaenda Thika kwa tanuri ya kuyeyusha kioo, yanapitisha stima ndani ya huo uji wa moto na kioo hakiyali.

Sasa fundi wetu Madam Wavinya alienda matanga Machakos akaniambia, "Kaloki, wiki hii wewe ndiye fundi," kichwa kikafura, kwa sababu kila siku naona matofali yanaingia tanuri yakiwa makubwa na yanatoka yamesinyaa, nikaamua ni huo unga mweusi unatunyonya, nikauacha kwa ndoo. Yakatoka makubwa vile yaliingia, nikapiga picha nikaweka status. Mzee Macharia wa kupakia akasema, "Kijana, hizi haziingii kwa sanduku." Nikamjibu, "Mzee, ni vile umezoea vitu vimesinyaa." Nami nikayasaga kingo mpaka yakaingia.

Jana moja likateleza kwa beseni, likatoa mapovu kama soda, likanywa maji kama mkate kwa chai, na tofali zuri halinywi hata tone. Rafiki yangu Ngigi husimama kando ya hiyo tanuri ya Thika, na kioo kikiingia kwa hivyo vitundu kitakula tofali mpaka kitoke nje. Madam anarudi Alhamisi, jina lake liko kwa masanduku. Nikisema nitafutwa, na Macharia atacheka mpaka Krismasi. Nikinyamaza, labda yatashika tu. Nifanye nini?

*

Kaloki, hiyo "labda" ni ya mtu ambaye hatasimama kando ya tanuri.

Unga mweupe ukichomwa peke yake hubaki na matundu. Ule mweusi ndio unaofanya chembe zisongeleane, na tofali husinyaa kwa sababu hewa imetoka. Wewe ulipiga picha hewa, Profesa. Na mzee alikuonyesha kosa, ukamtukana.

Nakuhurumia, kwa sababu hukuiba, ulitaka tu kuonekana. Wengi wetu tumeugua huo ugonjwa, hata huku redioni. Lakini usiniletee habari ya kuchekwa. Kuchekwa hakuchomi mtu.

Leo hii mwombe Macharia msamaha, kisha akusaidie kutoa hayo matofali kwa masanduku, yote, na kila moja uliandike kwa chaki "BOVU". Acha acheke akifanya kazi. Kesho uwe mlangoni kabla ya Madam. Tumbukiza tofali moja kwa maji mbele yake, umwambie, "Niliacha unga mweusi, na yote ni hivi." Usiongeze "lakini".

Akikufuta, utatafuta kazi nyingine, wewe ni kijana. Akikuacha kazini, pima huo unga mweusi kila asubuhi Madam akikuangalia, mpaka siku yeye mwenyewe atachoka kukuangalia.